Kabamazepini na Nyakati Tatu za Hatari: Somo kwa Wagonjwa, Familia na Wahudumu wa Afya

Tuanze na mfano. Mama mwenye umri wa miaka 29 ana kifafa tangu utotoni. Kwa miaka minne amekuwa akimeza kabamazepini asubuhi na jioni, na kwa miaka miwili na nusu hajaanguka. Ana watoto wawili na hataki wa tatu kwa sasa, hivyo amewekewa kijiti cha uzazi wa mpango katika zahanati ya jirani. Muuguzi alimuuliza kama ana shinikizo la damu na kama ananyonyesha. Hakumuuliza ni dawa gani anazotumia, wala mama hakuona sababu ya kutaja dawa ya kifafa mahali pa uzazi wa mpango. Miezi kumi na moja baadaye ana ujauzito. Jirani anamwambia kwamba dawa za kifafa hulemaza mtoto tumboni, naye siku hiyohiyo anaacha vidonge. Siku ya tano analetwa hospitali akiwa hana fahamu na mwili ukitingishika bila kukoma.

Mfano huu si habari ya mtu fulani. Umeundwa kwa ajili ya somo hili. Hata hivyo, kila sehemu yake inaweza kutokea katika zahanati yoyote nchini. Ifahamike pia kwamba hakuna aliyefanya ubaya. Muuguzi alitoa huduma, mama alitumia dawa kwa uaminifu, na jirani alisema neno ambalo ndani yake lina chembe ya ukweli. Kilichokosekana ni maarifa machache kuhusu dawa yenyewe.

Shabaha ya somo hili ni kuyatoa maarifa hayo. Kabamazepini ni dawa iliyosaidia watu wengi, na hatari zake haziji ovyo. Nyingi hujitokeza katika nyakati tatu zinazojulikana: wakati wa kuianza, wakati wa kuichanganya na dawa nyingine, na wakati wa kuiacha. Anayezitambua nyakati hizi tatu, awe mgonjwa, ndugu wa mgonjwa au mhudumu wa afya, ameepuka sehemu kubwa ya madhara.

Dawa hii ni nini na hutibu nini?

Kabamazepini iligunduliwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler katika maabara za kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi. Hapo awali ilitumika kutuliza maumivu makali ya mshipa wa fahamu wa uso. Katika miaka ya 1960 ikaanza kutumika kwa kifafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Japani wakaona kwamba inatuliza pia wagonjwa wenye msisimko mkubwa wa akili. Wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Tegretol, lakini hutengenezwa na viwanda vingi kwa majina mbalimbali. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kulijua jina la dawa yenyewe, kabamazepini, na si jina la pakiti peke yake.

Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo unaotokana na madini ya sodiamu kuingia ndani ya chembe kupitia vijilango maalumu. Katika kifafa, kundi la chembe hufyatua umeme huo kwa pamoja na kwa kasi isiyo ya kawaida. Kabamazepini huvifanya vijilango hivyo vichelewe kufunguka tena, hivyo chembe zilizopandwa na kasi hupoa, na zile zinazofanya kazi kwa utaratibu huendelea na kazi yake.

Katika kifafa, dawa hii hufaa zaidi kwa aina inayoanzia sehemu moja ya ubongo, pamoja na ile ya kuanguka na kutingishika mwili mzima. Haifai kwa kila kifafa. Mtoto anayezubaa ghafla kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, au kijana ambaye mikono yake hushtuka asubuhi hata kikombe kikamponyoka, anaweza kuzidiwa akipewa kabamazepini. Ndiyo maana haifai kuazimana dawa kwa sababu tu wote wawili wana kifafa.

Katika maradhi ya hisia, hutumika zaidi kwa ugonjwa wa baipola. Mgonjwa wa baipola kuna kipindi huchangamka kupita kiasi: halali, huongea bila kituo, hutapanya fedha na hujiona ana uwezo usio na mpaka. Kisha huja kipindi cha sonona, ambapo hukosa nguvu, furaha na matumaini. Kabamazepini husaidia kutuliza kipindi cha kuchangamka na kupunguza kurudi kwake, hasa pale ambapo lithiamu au dawa nyingine haimfai mgonjwa au haipatikani. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Familia isikate tamaa katika wiki mbili za mwanzo.

Wakati wa kwanza wa hatari: kuanza dawa

Kanuni ya kuanza ni kwenda polepole. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 100 hadi 200 kwa siku, kisha kiasi huongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili. Wengi huishia kwenye miligramu 400 hadi 1,200 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Kwa mtoto, kiasi hupangwa kwa uzito wa mwili, na hesabu hiyo ni kazi ya mtoa tiba. Anayekimbilia dozi kubwa siku za mwanzo akitarajia kupona haraka hujiletea kizunguzungu, usingizi, kichefuchefu, kuyumba na kuona vitu viwili viwili. Dalili hizo zikiwa hafifu ni za kawaida mwanzoni na hupungua mwili unapozoea. Katika kipindi hicho mgonjwa asiendeshe bodaboda, asipande mnazi, asitoke baharini kuvua peke yake wala kuinama juu ya kisima au jiko la kuni bila mtu wa karibu.

Kuna jambo ambalo huwakatisha wengi tamaa. Ini ndilo linaloivunja dawa hii ili itoke mwilini. Kabamazepini huliamsha ini lizalishe kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjia dawa, na vimeng'enya hivyo huivunja kabamazepini yenyewe. Mwanzoni nusu ya dawa huchukua zaidi ya siku nzima kutoka kwenye damu. Baada ya wiki tatu hadi tano, nusu hiyo hutoka ndani ya takriban saa 12 hadi 17. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa aliyepata nafuu wiki ya pili huweza kuanguka tena wiki ya tano, ingawa hajaruka hata kidonge kimoja. Familia husema dawa imezoeleka, au ni bandia, au maradhi si ya hospitali. Jibu sahihi ni kurudi kliniki, kwa kuwa pengine umefika wakati uliotarajiwa wa kuongeza kiasi.

Hatari iliyo kubwa zaidi katika kipindi hiki iko kwenye ngozi na damu. Baadhi ya watu hupata upele mwepesi unaowasha. Huyo aonwe na mtoa tiba mapema. Wachache sana hupata mzio mkali ambao ngozi hubabuka kama iliyoungua kwa maji ya moto. Mzio huu mara nyingi hutokea ndani ya wiki nane za mwanzo. Huanza kama homa, koo kuuma na macho kuwa mekundu. Kisha hufuata vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, madoa mekundu au meusi yenye maumivu, na malengelenge. Kwa kuwa kuna homa na upele, huweza kudhaniwa kuwa surua au tetekuwanga. Watu wenye asili ya Asia ya mashariki na kusini-mashariki, hasa Wachina na Wathai, wana hatari kubwa zaidi kutokana na aina ya urithi inayoitwa HLA-B*1502, na kwao inashauriwa kupimwa kabla ya kuanza dawa. Urithi huo ni nadra kwa Waafrika, lakini unadra wake hauwi kinga kamili, maana mzio huo huonekana pia kwa wasio nao.

Mzio wa aina nyingine huleta homa, uvimbe wa uso na tezi, na macho kuwa ya njano kwa sababu ini limeathirika. Aidha, mara chache sana, uboho wa mifupa hushindwa kutengeneza chembe za damu. Dalili zake ni homa na koo kuuma kusikokwisha, fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu na uchovu usio wa kawaida.

Kwa dalili hizi, yaani upele wenye homa, vidonda mdomoni au machoni, ngozi kubabuka, macho ya njano, au kutoka damu, mgonjwa asimeze kidonge kinachofuata na afike hospitali siku hiyohiyo. Hili ndilo jambo pekee linalomruhusu kusimamisha dawa kabla ya kumwona daktari. Ikithibitika kwamba kabamazepini ndiyo chanzo, asipewe tena maisha yake yote, na jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye daftari lake. Fenitoini na fenobabitoni zinaweza kuamsha mzio huohuo kwa mtu huyo, hivyo zisichukuliwe kuwa mbadala salama. Mhudumu naye ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Mwisho, hisia za mgonjwa ziangaliwe. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, baada ya kuchambua majaribio ya dawa 11 za kifafa, ilitoa tahadhari kwamba mawazo ya kujiua yalionekana kwa takriban watu 43 kati ya 10,000 waliotumia dawa hizo, ikilinganishwa na 22 kati ya 10,000 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Idadi ni ndogo, na kifafa na baipola bila tiba vyenyewe hubeba hatari hiyo. Hata hivyo, mtu anayejitenga, asiyelala, au anayesema maisha hayana maana, asiachwe peke yake na apelekwe kwa mtoa tiba. Kumuuliza waziwazi kama ana mawazo ya kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

Wakati wa pili wa hatari: kuongeza dawa nyingine

Tumeona kwamba kabamazepini huliamsha ini. Ini lililoamshwa halichagui. Huvunja kwa kasi dawa nyingine nyingi zinazopita humo, nazo hupungua nguvu kabla hazijamaliza kazi. Zipo pia dawa zinazofanya kinyume: hulilaza ini, kabamazepini ikarundikana mwilini hadi kuwa sumu. Mgonjwa huweza kudhurika kwa njia hizi mbili bila kukosea dozi hata mara moja.

Tuangalie mambo manne yanayowahusu watu wengi katika mazingira yetu.

La kwanza ni uzazi wa mpango. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu kwa mwanamke anayetumia kabamazepini, na vijiti vilevile. Ujauzito umeripotiwa kwa wanawake waliokuwa na vijiti mkononi. Njia ambazo haziathiriki ni kitanzi, cha shaba au cha homoni, pamoja na sindano ya miezi mitatu ya Depo-Provera. Vidonge vya dharura vya baada ya kujamiiana navyo hupungua nguvu. Kitanzi cha shaba ndicho cha kutegemewa katika hali hiyo. Kwa hiyo swali la dawa unazotumia lina uzito uleule wa swali la shinikizo la damu.

La pili ni dawa za virusi vya UKIMWI. Dozi ya wengi sasa ina dolutegraviri, ambayo hupungua sana ikikutana na kabamazepini, na virusi vinaweza kupata nafasi ya kuzaliana. Daktari ana njia mbili: kuongeza kidonge cha pili cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza, au kubadili dawa ya kifafa kwa ile isiyoamsha ini. Uamuzi huo haufanywi nyumbani. Mgonjwa anayehudhuria kliniki mbili, ya kifafa na ya tiba na matunzo, apeleke daftari la kila kliniki kwa mwenzake.

La tatu ni malaria. Dawa ya mseto ya ALu, ambayo ndiyo hutolewa zaidi kwa malaria isiyo kali, huvunjwa haraka zaidi kwa mtu anayetumia kabamazepini, na maelekezo ya mtengenezaji wake yanakataza zitumike pamoja. Somo hapa lisieleweke vibaya. Malaria isiyotibiwa inaua, na homa yenyewe huchochea kifafa. Mgonjwa asikae nyumbani na homa kwa kuogopa dawa, wala asiache kabamazepini ili apate kumeza ALu. Aende kupima, amweleze mhudumu anachotumia ili achaguliwe tiba inayofaa, na arudi mara moja iwapo homa haijashuka ifikapo siku ya tatu.

La nne ni kifua kikuu na minyoo. Isoniazidi, inayotumika katika tiba ya kifua kikuu na katika kukizuia, hupandisha kiwango cha kabamazepini kwenye damu. Kwa upande wa minyoo, kabamazepini hupunguza nguvu ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, na pia ya albendazoli. Hili lina uzito kwa wale ambao kifafa chao kimetokana na mabuu ya tegu wa nguruwe walioingia kwenye ubongo, maradhi yanayojulikana katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbulu na nyanda za juu kusini. Daktari anayewatibu hupaswa kulizingatia anapopanga dozi.

Dawa nyingine zinazopandisha kabamazepini ni erithromaisini na klarithromaisini, ambazo ni antibaiotiki, flukonazoli ya fangasi, na verapamili ya moyo na shinikizo la damu. Maji ya balungi hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa aliyekuwa akitumia kabamazepini kwa amani, akaanza kuyumba, kuona viwili viwili, kutapika au kusinzia ovyo siku chache baada ya kupewa dawa mpya, asidhani kifafa kimebadilika. Huenda kabamazepini imerundikana; apimwe na dawa mpya iangaliwe. Nazo dawa za kupunguza maji mwilini, zinazotolewa kwa wenye shinikizo la damu, zikiungana na kabamazepini huweza kushusha chumvi ya damu, hasa kwa wazee. Mzee huyo huumwa kichwa, huchanganyikiwa, na huweza hata kuanza kuanguka upya.

Orodha hii ni ndefu, na hakuna anayetarajiwa kuikariri. Kanuni yake ni fupi: jina la kabamazepini na kiasi chake viandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, na mgonjwa aseme, hata asipoulizwa, kila anapofika zahanati, kliniki ya wajawazito, kwa daktari wa meno au duka la dawa: "Mimi natumia kabamazepini. Je, hiyo unayonipa inapatana nayo?" Anayetumia dawa za mitishamba naye aseme bila kuona haya. Mtoa huduma anayemkaripia mgonjwa kwa ukweli huo humfundisha kuficha.

Wakati wa tatu wa hatari: kuacha dawa

Ubongo uliozoea kutulizwa, ukiondolewa kitulizo ghafla, huweza kufyatuka kwa nguvu kuliko mwanzo. Mgonjwa hupata kifafa kinachofuatana bila fahamu kurudi katikati, hali inayoweza kuua au kuacha ulemavu. Kwa mwenye baipola, kuacha ghafla huweza kurudisha kipindi cha kuchangamka au cha sonona.

Watu huacha kwa sababu nyingi, na nyingi hazitokani na ukaidi. Wapo waliokosa nauli au fedha. Wapo walioambiwa wamepona kwa maombi. Wapo waliojisikia vizuri wakaona hakuna haja, ilhali uzima huo ndio kazi ya dawa. Wapo wanaofunga Ramadhani. Kwa hawa wa mwisho, dozi mbili za siku mara nyingi huweza kupangwa wakati wa futari na daku, mradi wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama na wasikose usingizi, kwa sababu kukesha huchochea kifafa. Ambaye ugonjwa wake haujatulia ana ruhusa ya kidini ya kutofunga, nayo itumike.

Dawa ikifuatwa wiki moja kabla haijaisha, msiba wa safari au upungufu wa dawa hospitalini haumkuti mgonjwa mikono mitupu. Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka. Ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, acha ile iliyopita na usimeze mbili kwa pamoja. Vidonge vya aina inayotoa dawa polepole havisagwi wala kutafunwa.

Kuna pia namna ya kuacha dawa bila kujua. Vidonge vya kabamazepini vikikaa kwenye unyevunyevu huwa vigumu, havisagiki vizuri tumboni, na huweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Kwa wakazi wa pwani na visiwani, hasa wakati wa masika, hili si jambo dogo. Dawa isiwekwe karibu na mtungi, bafuni, wala jikoni penye mvuke. Ikae kwenye kopo au pakiti yake iliyofungwa vizuri, mahali pakavu, mbali na watoto. Vidonge vilivyobadilika rangi au kuwa vigumu kama jiwe virudishwe.

Siku ya kuacha huweza kufika kwa utaratibu. Mwenye kifafa ambaye hajaanguka kwa angalau miaka miwili anaweza kuzungumza na daktari kuhusu kupunguza. Kupunguza huko hufanywa taratibu kwa muda wa miezi kadhaa, na si kila mgonjwa anafaa.

Akianguka, alazwe ubavu, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, asishikwe kwa nguvu wala kuwekewa kijiko mdomoni. Mtukutiko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Ujauzito na kunyonyesha

Sasa turudi kwenye neno la jirani. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa kwa ujumla, wawili au watatu huwa na kasoro kubwa ya kimaumbile. Kwa mama anayetumia kabamazepini, idadi hukaribia watano. Kwa anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa na baipola, hukaribia kumi, na watoto wengi zaidi hupata matatizo ya kujifunza. Kasoro mojawapo inayohusishwa na kabamazepini ni mgongo wazi. Hivyo jirani hakusema uongo, lakini hakusema kwamba takriban akina mama 95 kati ya 100 wanaotumia kabamazepini huzaa watoto wasio na kasoro kubwa, wala hakusema kwamba kuacha ghafla huweza kumwua mama na mtoto kwa pamoja.

Ushauri ni huu. Mwanamke apange ujauzito na daktari wake mapema, atumie dozi ndogo zaidi inayomtosha, na ameze foliki asidi, mara nyingi miligramu 5 kwa siku, kabla ya kushika mimba na katika miezi mitatu ya kwanza. Akigundua ana mimba bila kupanga, aendelee na dawa na afike kliniki wiki hiyohiyo. Mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua. Kuacha dawa baada ya hapo hakurudishi nyuma kilichokwishafanyika. Ajifungulie kwenye kituo cha afya, na mtoto apewe sindano ya vitamini K. Kunyonyesha kunaruhusiwa, mama amwangalie mtoto kama anasinzia mno, hanyonyi vizuri au macho yana rangi ya njano.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa alipata nafuu wiki ya pili, akaanguka wiki ya tano. Ni nini huenda kimetokea, na afanye nini?

2. Taja dalili zinazomruhusu mgonjwa kusimamisha dawa kabla ya kumwona daktari.

3. Mwanamke anayetumia kabamazepini anataka kupumzika kuzaa kwa miaka mitatu. Ni njia zipi zitamfaa?

4. Kwa nini dawa hii isihifadhiwe bafuni?

Hitimisho

Mama tuliyeanza naye angeweza kusaidiwa mahali patatu. Siku aliyopewa dawa kwa mara ya kwanza, sentensi moja kuhusu uzazi wa mpango ingetosha. Siku ya kijiti, swali moja lingetosha: unatumia dawa gani? Siku alipojua ana mimba, mtu mmoja anayeaminika wa kumwambia "usiache, njoo kliniki kesho" angetosha. Hakuna kati ya mambo haya kinachohitaji mashine wala daktari bingwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata utambuzi na tiba sahihi. Vidonge ni nusu ya tiba hiyo. Nusu nyingine ni kujua uanze vipi, uvichanganye na nini, na usiviache kwa namna gani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa anayetumia kabamazepini, kuuliza ni sehemu ya dozi.